UZI: Maiti ya pwani ya Somerton (1948). Jina limepatikana, sasa nani alimuua?

#1 Nahodha_Mstaafu
Wakuu habari za jioni. Naleta mezani kesi ambayo imenisumbua tangu niisome kwa mara ya kwanza nikiwa melini, nahodha wetu wa wakati huo alikuwa Mwaustralia na kila tukitia nanga usiku lazima aianze.

Tarehe 1 Desemba 1948, asubuhi na mapema, Somerton, mji mdogo wa pwani pembeni ya Adelaide, kule Australia Kusini. Mwanaume amelala mchangani, kichwa kimeegemea ukuta wa bahari, miguu imenyooshwa, suti safi, tai, viatu vimepigwa rangi vinang'aa. Kipisi cha sigara kimeangukia kwenye kola. Watu waliopita jana yake jioni walimwona palepale wakajua mlevi, hata mmoja akatania mbona mbu wanamng'ata wala hajitikisi. Kumbe ndo anaondoka.

Mfukoni: tiketi ya treni ambayo haikutumika, tiketi ya basi, kitana, bazoka nusu pakti, sigara, kiberiti. Hakuna pochi, hakuna kitambulisho, kofia hana (na zama hizo mwanaume bila kofia ni kama uchi). Lebo zote za nguo zimekatwa. Mwili hauna jeraha. Wakapima sumu, hawakuona sumu.

Miezi baadaye wakakuta kimfuko kidogo cha siri kwenye suruali, ndani kuna kipande cha karatasi kimekunjwa, kimechanwa kutoka kwenye kitabu. Maneno mawili tu: TAMAM SHUD.

Polisi wakatangaza, akatokea bwana mmoja wa Glenelg anasema kitabu alikikuta kimetupwa kwenye gari lake, kweli ukurasa wa mwisho umechanwa. Nyuma ya kitabu kuna namba ya simu ya nesi anayeishi mita kama 400 tu kutoka palipokutwa maiti, na mistari mitano ya herufi ambayo mpaka leo hakuna aliyeisoma.

Wakamzika Juni 1949, jiwe limeandikwa mtu asiyejulikana. Mei 2021 wakamfukua. Julai 2022 profesa Derek Abbott wa chuo kikuu cha Adelaide na mwenzake Mmarekani Colleen Fitzpatrick wakasema ni Carl Webb, fundi wa vifaa vya umeme, mzaliwa wa Melbourne 1905.

Mimi msimamo wangu haya ni mapenzi tu, mengine watu wameongezea chumvi. Mnasemaje?

#2 kobe_mpole
Naweka kambi hapa. Mkeka, chai, kashata.

#3 Mtoto wa Makorora
Mtoa mada umeandika vizuri ila rekebisha, Somerton sio mji, ni ufukwe jirani na Glenelg, na Glenelg yenyewe inafika kwa tramu kutoka Adelaide mjini. Jamaa alipanda basi kushuka huko. Tiketi ya treni ambayo hakutumia ilikuwa ya Henley Beach, ufukwe mwingine kabisa. Hapo ndo pa kuanzia, kwanini alibadili safari? Nyie mnakimbilia sumu na majasusi.

#4 Mpemba_wa_Muscat
Assalaam alaykum. Hilo tamam shud limenichekesha. Wazungu walihangaika nalo mpaka mwandishi wa gazeti akawaambia ni Kiajemi. Sisi tungeambiwa tungejibu pale pale, tamam ndo hiyo hiyo timamu, ndo hiyo hiyo tamati. Babu yangu alikuwa na misahafu na tenzi za kuandikwa kwa mkono, mwisho wa kila utenzi unakuta imeandikwa tammat, yaani imetimia, hapa ndo mwisho. Hata sinema za zamani zikiisha inaandikwa TAMATI, watu wanainuka wanakung'uta kanzu. Na kitabu chenyewe ni rubaiyat, yaani mashairi, za Omar Khayyam, mshairi wa zamani wa Kiajemi, maneno yale ni ya mwisho kabisa. Mtu anayechana neno tamati akalikunja akaliweka kwenye kimfuko cha siri, huyo mnamtafutia muuaji wa nini?

#5 Mtoto wa Makorora
#4 sheikh, na kama aliyemuua ndo kamwekea?

#6 Mpemba_wa_Muscat
Kimfuko kile polisi wenyewe waliochunguza nguo mara ya kwanza hawakukiona, daktari hakukiona, muuaji gizani ufukweni akione? Labda awe fundi cherehani.

#7 Fundi Cherehani Ngamiani
Msinitaje taje kwenye maiti za watu jamani 😂

Ila kwa kuwa nimetajwa. Kile ni kimfuko cha saa, suruali za zamani zote zinacho, karibu na mkanda. Nazirekebisha mpaka leo za wazee. Mtu asiyevaa suruali za namna ile hakioni, anayevaa anakijua. Kwahiyo sio cha siri mtoa mada.

#8 Nahodha_Mstaafu
#7 ahsante fundi, nimepokea. Nimesema siri kwasababu wao waliita hivyo.

#9 Tabibu wa Zamu
Mimi nafanya kazi wodini, hii taarifa ya uchunguzi wa mwili niliwahi kuisoma. Mnaacha jambo kubwa: bandama. Daktari alisema bandama lilikuwa kubwa mara tatu ya kawaida na gumu. Tumboni kuna damu imechanganyika na chakula, ini limevimba damu, moyo mzima, mtu wa miaka 40 hivi mwenye misuli ya miguu kama mcheza dansi.

Sasa mleteeni tabibu yeyote wa huku kwetu mtu mwenye bandama mara tatu, atakwambia kwanza malaria ya mara kwa mara. Pili kichocho cha tumbo. Tatu ndo aanze kufikiria mengine. Yule alikuwa amewahi kuishi sehemu zenye malaria. Askari wengi wa Australia walipigana New Guinea na wakarudi nayo.

Kuhusu sumu: mtaalamu mmoja wa dawa, Cedric Stanton Hicks, alipoitwa mbele ya korona 1949 hakutaka hata kutamka majina, aliandika kwenye karatasi akampa. Ni sumu za kusimamisha moyo ambazo zinapotea mwilini bila kuacha alama. Digitali na strofanthini. Digitali ni ukoo mmoja na digoksini tunayowapa wagonjwa wa moyo, ukizidisha kidogo tu imekuwa msiba. Kilichomtatiza Hicks ni kwamba mtu wa hivyo angetapika, na pale hapakuwa na matapishi.

#10 kobe_mpole
Korona 1949?? Kumbe ilianza zamani

#11 Tabibu wa Zamu
#10 korona ni afisa anayechunguza vifo vyenye utata, jina lake Cleland. Kunywa chai yako.

#12 Wa Kaloleni
Salaam kutoka Kilifi. #9 daktari umenigusa. Hiyo strofanthini kuna ndugu yake wanaita uabaini na jina limetoka Kisomali, waabaayo. Wazungu waliitoa kwenye mti ambao hapa kwetu kila mzee anaujua, ndo ule wa utsungu, sumu ya mishale. Wata na Wagiriama wamewindia ndovu na hiyo tangu enzi. Mti unachemshwa siku nzima, mbali na boma, mpaka unakuwa mweusi kama lami, halafu unapakwa kwenye chembe ya mshale na unafungwa ngozi usikauke.

Sasa nisikize. Mnyama akipigwa utsungu NYAMA INALIWA. Wanakata tu pale mshale ulipoingia wanatupa, zingine zinaingia sufuriani. Kwasababu ikipitia tumboni haina nguvu hivo, kazi yake iko kwenye damu. Kwahivo hawa wanasema alitiliwa kwenye chakula wanibebee, ingebidi achomwe. Babu yangu angecheka hiyo kesi.

#13 Tabibu wa Zamu
#12 umesema kweli kabisa kiongozi, uabaini kwa mdomo inaingia mwilini kidogo sana. Digitali ndo inaingia vizuri. Hapo Hicks alitaja familia ya sumu, hakusema ni ipi haswa. Ila hili la nyama sikuwa nalifahamu, nimejifunza.

#14 mwanakwetu254
Sasa sumu ya Kilifi imefika Australia kuua Mzungu, Mijikenda wakamatwe 😂😂😂

#15 Jemedari wa Kunguru
Nyie watoto mnacheza. Angalieni MUDA. 1947 Waingereza na Waaustralia wanafungua Woomera, jangwani kaskazini mwa Adelaide, pa kujaribia makombora. Vita baridi inaanza. Australia inavuja siri kwa Warusi, mpaka 1949 wanaanzisha idara mpya kabisa ya usalama, ASIO. Katikati ya hapo anakufa mtu bila jina, lebo zimekatwa, sumu isiyoonekana, ana maandishi ya siri ambayo hata wataalamu wa jeshi la maji walishindwa. Na nesi mwenye namba ya simu, bintiye mwenyewe alisema kwenye televisheni 2013 kuwa mama alijua Kirusi na alijua maiti ni ya nani. Halafu mnaniletea habari za mbu na mapenzi. Askari kanzu yeyote angewaambia.

#16 Muuza Mitumba Karume
#15 mkuu punguza sinema. Hizo lebo mnazoshangaa mimi nakutana nazo kila ninapofungua belo. Makoti ya Ulaya unakuta mengine lebo imekatwa, mengine jina limeandikwa kwa wino kwenye kola, nishauza jaketi la "Mrs" sijui nani kwa dereva wa bodaboda na anadunda nalo mpaka leo. Miaka ile ilikuwa baada ya vita, nguo Australia zilikuwa kwa kuponi mpaka katikati ya 1948. Watu walivaa mitumba kama sisi. Ukinunua mtumba wenye jina la mtu unafanya nini? Unakata lebo! Nani anataka aitwe kwa jina la marehemu.

Ushahidi wangu huu hapa: Januari 1949 walikuta sanduku lake stesheni ya Adelaide, aliliacha 30 Novemba mchana. Ndani kuna tai imeandikwa T. Keane, mfuko wa dobi umeandikwa Keane, singleti Kean bila e. Wakatafuta huyo Keane dunia nzima, wapi. Mtumba huo!

#17 Nahodha_Mstaafu
#16 hapo ndo patamu, ulikaribia lakini sio mtumba wa sokoni. Huyo Webb alikuwa na dada anaitwa Freda, na Freda aliolewa na bwana anaitwa Thomas KEANE. Nguo za shemeji! Polisi walitafuta T. Keane aliyepotea kwa miaka, kumbe T. Keane hajapotea, yuko kwake Melbourne anakunywa chai, kagawa nguo zake za zamani tu.

#18 Muuza Mitumba Karume
Sasa mtumba wa shemeji si mtumba pia? Nimeshinda.

#19 Bint Pangani
Kwanini kila mtu anamrukia yule nesi. Mdada wa watu mjini kwake, polisi wanamleta mbele ya sanamu ya plasta ya maiti, kichwa na mabega, wanamwambia unamjua? Akashtuka kidogo azimie, akasema simjui. Wakaandika "anaficha". Mimi ningezimia kabisa! Na aliwaomba jina lake lisitoke kwasababu ana mtoto mdogo na anaishi na mwanaume. Kwenye mji mdogo wa pwani wanawake tunajua jina likishatoka halirudi, utasemwa sokoni, utasemwa kwenye harusi, mpaka watoto watasemwa. Hata kama alikuwa anamjua ningemuunga mkono kukaa kimya.

#20 Jemedari wa Kunguru
#19 lakini namba yake ilifikaje kwenye kitabu cha maiti? Na kuna mwanajeshi, Boxall, huyu nesi alimpa kitabu kilekile cha Khayyam huko Sydney 1945. Wanawake wangapi wanagawa kitabu kimoja hichohicho?

#21 Bint Pangani
Boxall alikutwa HAI na kitabu chake mkononi, ukurasa wa mwisho upo. Na Khayyam kilikuwa kitabu cha mapenzi cha zama hizo, kama sisi tulivyokuwa tunapeana kaseti za taarab. Nimewahi kupewa kaseti moja na wanaume watatu tofauti mwaka mmoja, mniite jasusi.

#22 kobe_mpole
Watatu mwaka mmoja 👀 uzi umehama

#23 mwanakwetu254
Mimi nimejaribu kusoma ile code. Mstari mmoja unaanza MLIABO. Mazee hiyo ni Kiswahili. "Mliabo..." ni kama anauliza "mliabudu?" 😂

#24 Mpemba_wa_Muscat
#23 Kiswahili cha wapi hicho, cha Eldoret?

#25 mwanakwetu254
Eldoret tunaongea kuliko nyinyi wa kudai kila neno ni lenu. Tamam hata Waturuki wanasema.

#26 Mtoto wa Makorora
Tuache utani, wanafunzi wa Abbott waliipitia wakaona herufi zinafanana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Yaani mtu kaandika kifupi cha sentensi. Kuna wanaosema ni shairi, kuna wanaosema ni majina ya farasi wa mbio, Webb inasemekana alipenda kubeti. Mimi naamini farasi. Mjomba wangu alikuwa anaandika mikeka ya mpira hivyohivyo, MU-CH-LIV-X, mkewe akaipeleka kwa mganga akidhani karogwa.

#27 Fundi Volti
Nimechelewa, umeme ulikatika (ndiyo, fundi umeme nimekaa gizani, chekeni). Nataka kuongelea sanduku. Ndani kulikuwa na bisibisi ya umeme, kisu cha mezani kimekatwa na kunolewa kikawa kifupi, mkasi umechongwa ncha, brashi ya kupakia herufi, na kipande cha bati la zinki. Watu wakasema silaha, wengine wakasema brashi ile ni ya afisa wa meli anayeandika alama kwenye mizigo. Mimi nilivyoona orodha nikajua ni mwenzetu. Kisu cha kukata hivyo ninacho, cha kumenyea waya. Bati ni la kufungia ncha zisitoboe begi. Yaani miaka 70 wanamtafuta baharia na jasusi, sanduku linapiga kelele kuwa ni fundi.

#28 Nahodha_Mstaafu
#27 nimekubali, na mimi nilikuwa upande wa baharia kwa ile brashi. Naona wivu kidogo.

#29 Fundi Cherehani Ngamiani
Na kulikuwa na uzi wa nta wa rangi ya chungwa, Barbour, ambao Australia haukuwa unauzwa, na ndo uliotumika kushona mfuko wa suruali aliyokuwa amevaa. Na koti lilishonwa kwa mtindo wa Kimarekani. Hapo sasa wataalamu wa mitumba mnisaidie, shemeji Keane alikuwa anavaa koti la Marekani?

#30 Muuza Mitumba Karume
Askari wa Marekani walijaa Melbourne wakati wa vita. Makoti yalibaki. Next.

#31 Asha wa Sahare
Nasoma kimya tangu jana ila hili nalisema. Mama yangu alikuwa na gesti ya vyumba sita karibu na bahari, mwaka siutaji. Akaja mgeni mmoja, mstaarabu, kajiandikisha jina, kalipa siku tatu. Siku ya pili akatoka na taulo, hakurudi. Tukasubiri wiki. Mama akaita polisi, wakafungua begi: mashati matatu yamekunjwa kama ya dukani, mswaki mpya, na picha ya mtoto. Jina alilojiandikisha walipoulizia kwao alikosema hakuna mtu wa jina hilo. Maiti haikuonekana. Mama aliweka begi lile chini ya kitanda chake miaka kumi na moja, kila mgeni akiuliza chumba namba nne anampa namba tano.

Kwahiyo nikisoma sanduku la stesheni ya Adelaide nasikia harufu ya lile begi.

#32 kobe_mpole
Dah

#33 Bint Pangani
#31 pole dada. Begi liko wapi sasa?

#34 Tabibu wa Zamu
Turudi kidogo. Kuna karatasi za talaka za Webb, mkewe aliziwasilisha 1951. Ndani yake mke anaeleza kuwa mume alikuwa mkali, anaandika mashairi mengi kuhusu kifo, na 1946 alijaribu kujiua kwa etha, ile dawa ya usingizi ya zamani. Mke akaondoka mwaka huohuo. 1947 Webb anatoweka. Na mke 1951 anaishi Bute, Australia Kusini, kama kilomita 140 hivi kutoka Adelaide. Mimi naona mtu aliyekuja kumtafuta mke, akamkosa au akakataliwa, akaenda ufukweni na tamati yake mfukoni. Sheikh wa #4 huenda yuko sahihi.

#35 Mtoto wa Makorora
#34 bandama je? Webb hajulikani kwenda vitani, wala New Guinea. Malaria yako imeishia wapi daktari?

#36 Tabibu wa Zamu
Ndo hapo hata mimi linanikera. Ini bovu pia linavimbisha bandama. Au...

#37 Jemedari wa Kunguru
Au sio Webb! Polisi wa Australia Kusini wenyewe hawajatamka rasmi kuwa ni yeye. Abbott na Fitzpatrick walitumia nywele zilizonasa kwenye ile sanamu ya plasta, wakajenga mti wa ukoo wa watu kama 4000 mpaka wakamfikia. Mwili uliofukuliwa 2021 uko kwa serikali. Mbona wako kimya? Nauliza tu.

#38 Wa Kaloleni
#37 serikali zote hukaa kimya, hata ukiuliza mbona barabara haijaisha.

#39 Nahodha_Mstaafu
Mimi nabaki na mapenzi, ila sasa sio mapenzi ya nesi, ni ya mke. Kitu kimoja tu kinanikwaza: kama alimfuata mke Bute, kwanini asipande gari la kwenda kaskazini? Alishuka Adelaide, akaacha sanduku, akakata tiketi ya ufukwe mmoja, akaenda ufukwe mwingine, mtaa uleule wa mwanamke ambaye namba yake iko kwenye kitabu.

#40 Mtoto wa Makorora
Nilisema hilo tangu #3 mkanipuuza.

#41 Asha wa Sahare
#33 mama alipofariki tulilifungua tena tukiwa tunagawa vitu. Mashati bado yamenyooka. Kaka alitaka kuyavaa, shangazi akamkataza. Picha ya mtoto ninayo mimi. Nyuma imeandikwa kwa penseli herufi tatu na tarehe, nimeshaangalia mara elfu.

#42 mwanakwetu254
Weka herufi hapa tusaidiane

#43 Asha wa Sahare
Hapana.